Maua Yasiyo na Mgongo

Pale mtaa wa Ziwani, Nairobi, ukiulizia nyumba ya Aluoch utazungushwa mpaka uchoke. Ulizia kwa Mama Shada, na hata mtoto anayejifunza kutembea atakunyoshea kidole: ile ya pembeni, yenye mlango wa samawati, hatua chache kutoka kwenye bomba la maji. Jina hilo hakupewa kwa utani. Kwa miaka ishirini na mmoja mikono yake ilikuwa imefunga mashada ya mazishi ya watu wa Eastlands, mashada ya maua ya kitambaa na plastiki, ambayo watu waliyapenda kwa sababu yangebaki kaburini na rangi yake hata baada ya mvua za masika.

Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Mume wake, Ondiek, alipostaafu mapema kutoka kazi ya reli kwa sababu ya goti lake, Aluoch alinunua shada moja sokoni Kariokor, akaliweka mezani na kulifumua waya kwa waya, kama mtu anayefumua sweta, mpaka akaona limeanzia wapi na limeishia wapi. Kisha akalifunga upya. La kwanza liliegemea upande kama mlevi. La kumi lilisimama. Miaka miwili baadaye, maseremala wa majeneza kando ya soko walikuwa wakiwaelekeza wateja wao kwake bila yeye kuwaomba.

Alikuwa mtu wa furaha, jambo lililowashangaza wengi. Aliimba akipinda waya, na kicheko chake kilifika bombani kabla yake. Watu wakimwuliza anawezaje kucheka na kazi kama hiyo, alijibu kwamba mwenye msiba haji kutafuta uso mwingine wa msiba. Wa kwao nyumbani unamtosha.

Ila kulikuwa na jambo moja lililomkaa moyoni, ambalo hakumwambia mtu ila Ondiek. Maua yake hayakuwahi kukaa mezani na watu wanaokula. Akishalikabidhi shada, lilikwenda zake, likatazamwa saa moja au mbili na macho yaliyojaa machozi, kisha basi. Akialikwa harusini, haangalii keki wala bibi harusi. Anaangalia maua yaliyo katikati ya meza. Atayainua, atayapindua, atachungulia chini aone yameshikwa na nini. Siku moja kule Makongeni mhudumu mmoja alimfuata mpaka mlangoni, akitaka kujua kilichomo mkobani mwake.

"Nyar Gem," Ondiek alimwambia siku hiyo, akimwita binti wa Gem kama alivyomwita tangu ujana wao, "ukifungwa kwa wizi wa maua ya plastiki, mimi siji kukutembelea. Nitaona haya."

"Si wizi. Ni masomo."

"Hakimu atakuuliza umefika darasa la ngapi."

Basi Jacklyne, binti wa jirani yao Adhiambo, alipopata mchumba, hakukumbuka kubisha hodi. Aliingia mbio, akamkuta Aluoch amejaa vipande vya waya kifuani, akamkumbatia hivyo hivyo.

"Anti, tumepata tarehe! Na sitaki maua ya kukodi, yale yamezunguka harusi zote za Nairobi mpaka yamepata mvi. Nataka yako. Kila meza."

Aluoch akaketi kwanza. Alimbeba msichana huyo mgongoni alipokuwa mdogo, alimsuka nywele kabla ya kila mtihani, na sasa Jacklyne alikuwa akimpa kitu ambacho hakuwahi kukiomba kwa sauti. Akajibu tu, "Haya, mama," kisha akakimbilia jikoni kuangalia chai ambayo hakuwa ameiweka motoni.

Lakini harusi ya mjini haina mwenyewe mmoja, ina kamati. Na katika kamati hiyo, mambo ya mapambo yalikuwa mikononi mwa Wangeci, mama yake bwana harusi. Alikuwa mjane wa mtaa wa Huruma, muuza sufuria na sahani, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo watu walinyamaza ili waisikie. Kijana wake aliitwa Mbuthia, kwa hiyo wote walimwita Mama Mbuthia. Siku kamati ilipokutana sebuleni kwa Adhiambo, Jacklyne alimtambulisha Aluoch kwa madaha, kana kwamba anamtambulisha waziri.

Wangeci alimkazia macho.

"Si wewe ndiye mama wa mashada, wa Kariokor?"

"Ndiye mimi."

"Nilijua. Ulitufungia la baba Mbuthia."

Mtu mmoja akaweka kikombe chini polepole, kisilie.

"Usinichukulie vibaya, mama," Wangeci akaendelea. "Shada lilikuwa zuri. Hiyo ndiyo shida yangu. Lilikuwa zuri mpaka leo nikifumba macho naliona. Sasa siku ya kijana wangu, nikiinua kijiko, nilione tena mezani?"

Jacklyne alifungua mdomo. Mama yake akamfinya paja. Hapakuwa na la kubisha. Wangeci hakuwa na chuki wala kiburi. Alikuwa akisema ukweli wake, na Aluoch, ambaye alikuwa ameshinda na wafiwa nusu ya maisha yake, aliujua ukweli huo unavyouma.

"Mama Mbuthia," alisema, "nipe wiki moja. Nitengeneze pambo la meza moja tu, ulione kwa macho yako. Ukiona matanga ndani yake, kodi kwa wenye mahema, na mimi nitakuja harusini nile pilau kama watu wengine, na nitaimaliza."

Watu wakacheka, na hata Wangeci akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Jumapili ijayo, basi. Baada ya kanisa."

Wiki hiyo Aluoch hakulala mchana hata mara moja. Alikaa akahesabu kila kitu kinachonuka mazishi, akakifukuza. Zambarau, nje. Nyeupe peke yake, nje. Mduara, msalaba, ile nailoni ya kufunikia inayopiga kelele upepo ukivuma, vyote nje. Akashuka mjini, Nyamakima, kwenye maduka ya jumla ambako maua ya bandia hufungwa mafungu kama sukuma wiki, akanunua waridi za rangi ya embe lililoiva, vimaua vidogo vya rangi ya machungwa, na majani membamba ya kijani kibichi yanayotingishika yakiguswa. Akapata bakuli la udongo lenye shingo fupi, akalijaza sponji ngumu ya kuchomekea mashina.

Kisha akasimama pale anaposimama siku zote: mbele ya meza yake ya kazi, ubao mrefu ambao Ondiek aliupigilia misumari ukutani chini ya dirisha, mwaka ule wa kwanza. Akachomeka, akarudi nyuma, akatazama. Akachomeka tena. Ijumaa jioni Ondiek alisimama mlangoni kwa muda mrefu akiangalia, asiseme neno la mzaha, na hapo Aluoch akajua kwamba kazi imefika.

Jumapili alilipeleka kwa Adhiambo likiwa limefunikwa leso. Sebule ilikuwa imejaa. Wangeci, kwa kuwa ndiye mgeni wa heshima, alikuwa ameketishwa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, kile kinachotazama mlango, ng'ambo ya meza. Aluoch akaliweka pambo katikati, akavuta leso.

Upande wa makochi ulilipuka. Jacklyne alipiga makofi. Adhiambo akasema, "Wuololo!" na kushika mashavu yake. Waridi zilikuwa zimepangana kama watoto wanaopigwa picha, wafupi mbele, warefu nyuma, kila mmoja akiwa ameinua uso.

Upande wa kiti kizuri mambo yalikuwa mengine.

Wangeci aliinama mbele kidogo. Akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia.

"Mama," aliuliza kwa ile sauti yake ya chini, "na huku ni kwa nani?"

Aluoch akazunguka meza. Upande ule hapakuwa na ua hata moja. Palikuwa na sponji ya kijani iliyochomwachomwa kama ubao wa kuchezea vishale, ncha za waya zilizopindwa, na nyuzi za gundi zilizoning'inia kama utando wa buibui.

Kosa hilo asingelifanya mtu yeyote ila mfungaji wa mashada. Shada lina uso na lina mgongo. Hulazwa juu ya jeneza au husimamishwa kwenye miguu mitatu, na mgongo hauonwi na mtu. Ndiko mfungaji anakoficha mafundo yake yote. Aluoch alikuwa amefukuza rangi ya mazishi na umbo la mazishi, lakini mkono wake ulikuwa umefuata njia yake ya miaka ishirini na mmoja bila kumwuliza.

"Wazee wetu wanatoka Nyahururu alfajiri," Wangeci alisema. "Wasafiri saa zote hizo, wafike kwa wakwe, wapewe mgongo?"

"Tunaweza kuketisha watu wote upande mmoja," Adhiambo akajaribu kuokoa.

"Kama wanafunzi?"

"Kama... kwaya."

Kicheko kilimtoroka mtu fulani kochini. Wangeci hakucheka, lakini pia hakukunja uso. Aligusa ncha moja ya waya kwa kidole.

"Unaona, mama? Si roho yako, roho yako nimeiona. Ni mkono. Unajua njia moja tu." Akachukua mkoba wake. "Nitapita kwako Alhamisi nikitoka sokoni. Kama mkono umejifunza njia nyingine, sawa. Kama bado, Ijumaa nakodi. Siku zimekwisha."

Aluoch alirudi nyumbani na bakuli lake kwapani, akaliweka sakafuni, akaketi karibu nalo. Ondiek alisikiliza hadithi yote mpaka mwisho, midomo ikimcheza.

"Nimefanya kazi ya reli miaka thelathini," alisema hatimaye. "Treni ina kichwa na mkia. Meza ni meza. Mkia wake uko wapi?"

"Niache, Ondiek."

"Nakuuliza tu. Ili wazee wa Nyahururu wasije wakapandia mkiani."

Aluoch akajizuia kucheka, akajizuia, kisha akashindwa. Na walipomaliza kucheka wote wawili alikuwa akifuta machozi ambayo hata yeye hakujua ni ya aina gani. "Mazoea yana taabu," alisema.

"Taabu ina nyundo," Ondiek akajibu.

Jumatatu asubuhi Ondiek aling'oa misumari. Meza ya kazi ilitoka ukutani na kilio kirefu, ikaacha mstari mweupe mahali rangi haikuwahi kufika. Jirani yao Ng'ang'a, fundi wa viatu, alikuja kushika upande wa pili, nao wakaitoa nje na kuiweka katikati ya ua ambao nyumba zile zote hutumia pamoja, karibu na kamba za kuanikia nguo.

Hata hapo, mambo hayakuwa rahisi. Meza ilikuwa imetoka ukutani; miguu ya Aluoch haikuwa imetoka. Alisimama upande ule ule, akachomeka maua yakimtazama yeye. Alipokumbuka kuzunguka, alikuta mgongo mwingine unamngoja. Alifumua mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jumanne asubuhi Ondiek akabeba kiti chake na gazeti, akaenda kuketi upande wa pili, uso kwa uso naye.

"Mimi ni mzee wa Nyahururu," alitangaza, akifungua gazeti. "Nimefika. Naona waya."

Aluoch akazunguka, akaficha waya, akarudi.

"Bado naona waya. Na nina njaa."

Ng'ang'a alisikia, akaacha soli aliyokuwa akiishona, akaleta kigoda chake upande wa kushoto. Akatazama kama daktari.

"Huku kuna kipara."

"Kipara ni chako, Ng'ang'a!"

"Changu Mungu alikitengeneza. Hiki ni chako."

Kufikia saa sita Kaluki, mama Mkamba wa Machakos anayepika chapati kando ya bomba, alikuwa amejipatia upande wa kulia, na Adhiambo amejisukuma pembeni. Aluoch akawa hana upande tena. Popote aliposimama, palikuwa na mtu ng'ambo akimwita. "Mama Shada, na huku!" "Huku kumebaki shina limesimama peke yake kama askari!" "Hilo ua limenigeuzia kisogo, nimelikosea nini?" Alizunguka meza ile kama anayecheza, akichomeka moja kwa Ng'ang'a, moja kwa Kaluki, moja kwa mume wake, na jinsi alivyozunguka ndivyo alivyoacha kufikiria mkono. Ua likiingia upande mmoja, lilidai mwenzake upande mwingine. Waya ulipokosa nyuma ya kujificha, ulilazimika kuingia ndani, katikati. Akauzamisha kwenye sponji, sponji akaizamisha bakulini, na juu yake akamwaga changarawe aliyoiokota na kuiosha bombani.

Chakula kilipokuja, kikamfundisha jingine. Kaluki alileta chapati na ndengu, na sahani zikakosa pa kuwekwa.

"Ondiek, nipitishie chumvi," Ng'ang'a alisema.

"Nani amesema?"

"Mimi, Ng'ang'a! Niko nyuma ya msitu."

"Sikuoni. Mungu ni mwema."

Aluoch hakucheka na wenzake. Alikuwa amechukua koleo. Akakata mashina, kipande baada ya kipande, akiinama kila mara kupima kwa macho, mpaka Ondiek na Ng'ang'a wakaonana juu ya waridi na kuanza kulalamika kwamba ilikuwa heri kabla. Akapunguza majani yaliyoingia kwenye mchuzi. Akabadilisha bakuli kwa jingine jembamba. Katika mashada alikuwa amezoea kwamba maua ndiyo yanayotazamwa na watu husimama mbali. Hapa mezani maua yalikuwa mgeni mmoja kati ya wageni. Yakijitanua sana, mwingine anakosa pa kuweka kiwiko.

Siku ya Alhamisi alikuwa amepanga afagie ua, atandike kitambaa, amvalie mgeni gauni la kanisani. Mgeni alisema atapita akitoka sokoni, na wote walihesabu kuwa ni saa kumi. Akatokea saa saba, mkoba begani, viatu vya kazi miguuni, akawakuta watu watano wamezunguka ubao wakila na kupiga kelele, pambo likiwa katikati yao na kitunguu kilichokatwa kando yake.

Aluoch aliruka. "Mama Mbuthia! Karibu ndani, kuna..."

"Ndani kuna nini, na chapati iko hapa?" Kaluki alimkatiza, akisogea kwenye benchi. "Keti, mama. Inapoa."

Wangeci alitazama benchi, akatazama chapati. Tangu asubuhi alikuwa akishusha mizigo ya sufuria. Akaketi, kati ya Kaluki na Ng'ang'a, akanawa, akamega.

"Ndengu hizi zina nazi," alisema baada ya tonge la pili.

"Zina nazi. Sisi Wakamba tumekaa na watu wa pwani, hatukulala."

"Kwetu tunaziponda na viazi."

"Kwenu mnaponda kila kitu," Ondiek akaingilia kutoka ng'ambo. "Ningewaletea samaki mngemponda."

"Mzee, mimi nilikula samaki kabla wewe hujaota ndevu!" Wangeci alimnyoshea kipande cha chapati juu ya waridi. "Kitu nisichokula ni kichwa. Kinaniangalia."

"Lakini kichwa ndicho samaki! Hayo mengine ni mfuko wa kukibebea."

Ng'ang'a akapiga meza. Wangeci akacheka, si kwa upande mmoja wa mdomo bali kichwa nyuma, na sauti yake ya chini ikagundulika kuwa na ghorofa ya juu. Akatafuta chumvi, akalisogeza pambo kwake, akaichukua chumvi nyuma yake, akalirudisha limegeuka. Baada ya muda akalisogeza tena kwa ajili ya pilipili. Akawaeleza jinsi mkwe wake alivyojaribu kumpikia ugali siku ya kwanza na kuufanya uji. Adhiambo akamtetea bintiye. Wakabishana, wakakubaliana, wakanywa chai. Aluoch peke yake hakula. Alikuwa amesimama na birika mkononi, hathubutu kuliweka chini.

Hatimaye Wangeci akakung'uta unga mapajani.

"Haya, mama. Niko na haraka sasa. Leta hayo maua niyaone."

Kaluki akajiziba mdomo kwa leso. Mabega ya Ng'ang'a yakaanza kutikisika.

"Mnacheka nini?"

Aluoch akaonyesha kwa mdomo wa birika.

Wangeci akatazama bakuli lililo mbele ya sahani yake. Akaligeuza kwa kidole kimoja, polepole, mpaka likarudi lilikoanzia. Na kila lilipopita, uso mwingine wa waridi uliinuka kumtazama.

"Limekuwa hapa muda huu wote?"

"Umelisogeza mara mbili," Ng'ang'a alisema. "Ulikuwa unalitukana kwa kuficha chumvi."

Wangeci aliweka kiganja juu ya meza, karibu na bakuli, kama mtu anayesikiliza kama kuna joto.

"Nimeketi hapa saa nzima," alisema, "na siku ile ya baba Mbuthia haikunijia. Hata mara moja." Akapenga kamasi kwa kitambaa chake kwa kishindo, akasimama, akawa tena mwanakamati. "Meza ni ishirini na mbili. Utamaliza?"

Aluoch aliitikia kwa kichwa.

"Yeye atamaliza," Ondiek alisema. "Wa kuonewa huruma ni sisi. Chapati za meza ishirini na mbili!"

Nao walizila. Kwa siku nane ua ule haukuwa na nafasi ya kuanikia nguo. Aliyepita bombani kuchota maji alikamatwa, akaketishwa, akaulizwa anaona nini. Hata mwalimu wa shule ya Jumapili alichelewa kipindi chake kwa sababu upande wake ulikosa ua la machungwa. Mwisho watu walianza kuleta viti vyao bila kuitwa.

Siku ya harusi, ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka madirishani. Aluoch alikuwa ameweka bakuli la mwisho asubuhi, na miguu yake ikataka kuondoka, kama ilivyozoea kukabidhi na kwenda zake. Akaibishia. Akaketi meza ya kumi na nne, na watu asiowajua, wakala pilau, kuku, na mukimo wa viazi vilivyopondwa, na samaki mwenye kichwa. Mzee mmoja wa Nyahururu, mwenye kofia ya manyoya, alinusa waridi, akatazama kulia na kushoto, akanusa tena. Mama mmoja alibana jani kwa kucha. "Si la kweli," alimnong'oneza mwenzake. "Basi ni uongo mtamu," mwenzake akajibu. Waliendelea kupitishiana maji na habari juu ya maua yale, macho kwa macho, na Aluoch akaomba aongezewe pilau.

Kabla ya keki, Wangeci alichukua maikrofoni. Alishukuru wakwe, alishukuru kamati, kisha akatoa onyo. "Na tafadhali, maua ya mezani si zawadi. Mwenyewe atayachukua akayapambie wengine. Nawajua. Kina mama, mikoba ifungwe."

Walicheka, na wakaitikia, "Ndiyo!"

Dua ya kufunga ilipokwisha, Aluoch akaenda nyuma kuleta katoni zake. Hakukaa huko dakika tano. Aliporudi, meza ishirini na mbili zilikuwa na vitambaa vyeupe, chupa za soda, na alama ya mviringo katikati mahali bakuli lilipokuwa. Hapakuwa na ua. Mlangoni aliona mgongo wa mwisho ukitoka, yule mzee wa kofia ya manyoya, koti lake limevimba upande wa kushoto kama mwenye kuku.

Akasimama na katoni tupu mikononi. Ondiek akamjia, amejiandaa kumliwaza, akakuta anacheka mpaka amepinda magoti kidogo, ameshikilia kiti.

"Wameyapeleka nyumbani kwao, Ondiek! Yote! Wameyapeleka nyumbani!"

Nje, magari ya Nyahururu yalikuwa yakinguruma. Karibu na la kwanza, ambalo lingemshusha Huruma, alisimama Wangeci, akihangaika na mlango kwa mkono mmoja, maana kwapani alikuwa na kifurushi cha leso chenye umbo la bakuli. Waridi moja ya rangi ya embe ilikuwa imetoa kichwa kwenye fundo.

"Mama Mbuthia," Aluoch alisema nyuma yake. "Si ulitangaza?"

Wangeci akageuka, wala hakujificha.

"Nilitangazia wageni. Mimi ni mgeni?"

"La."

"Basi."

Aluoch akalitazama fundo, akatikisa kichwa. "Ukilifunga hivyo utalivunja shingo. Lete hapa."

Akalifungua pale pale barabarani. Akanyoosha petali zilizokunjamana, akasukuma ndani waya mmoja uliochungulia, akalizungusha lote aone liko sawa kila upande. Kisha akamsubiri Wangeci aketi kitini, akamwekea bakuli mapajani, akamshikisha mikono miwili, na kuinamia dirisha la mbele.

"Dereva," alisema, "kwenye matuta, polepole."